Mtu wa Mkanda Haitwi Jina

Tabea Sungi alikuwa anakula hindi la kuchoma, na miguu yake ilikuwa inatembea.

Ilimzungusha ndani ya ghala la chama cha wafanyakazi, ikapita kando ya magunia, ikakata kona kwenye nguzo, ikarudi. Mwenyewe hakuwa na habari nayo. Alikuwa anapukusua punje kwa meno ya mbele na kumlaani kimoyomoyo muuzaji aliyezidisha chumvi. Kiunoni, chini ya mbavu za mwisho, mkanda ulinguruma polepole kama paka aliyeshiba.

"Safi," akasema Wakili Bura. "Safi kabisa, dada Tabea. Mchana barazani, kesi ikisikilizwa, ni hivyo hivyo. Utatembea kuelekea meza ya mwenyekiti wa baraza. Mimi nitakwambia simama. Nitarudia. Wewe utaendelea tu mpaka uigonge meza. Basi! Sihitaji shahidi mwingine."

"Nikianguka?"

"Ayubu atakudaka."

Ayubu Shila, aliyekuwa amekaa juu ya magunia, aliinua mikono. "Mimi? Nidake tani hii peke yangu? Wakili, niongezee watu wawili na winchi."

"Kichwa chako ndicho tani," Tabea akamjibu huku miguu ikijiendea zake. "Halafu hindi hili, wakili, nije nalo?"

"Njoo nalo. Mikono iwe na kazi." Wakili alilisema hilo haraka, akafungua faili, akajifanya anasoma. Hakueleza kwa nini, na Tabea hakuuliza.

Mambo haya yana ukoo mrefu, na wanaotaka tuusahau ukoo huo ndio wale wale waliouzaa. Babu zetu walikodiwa wazima-wazima. Walipewa namba, wakaitwa manamba, wakapakiwa kwenda kukata mkonge, wakarudi na kipande cha kazi mfukoni na kikohozi kifuani. Kampuni ya Ishau ilikuja na adabu. Ilisema: sisi hatumtaki mtu, tunataka miguu tu. Kichwa baki nacho. Lala, sikiliza mahubiri, jifunze Kichina, fuatilia mchezo wako wa redioni. Kuanzia kiunoni kushuka chini tuachie sisi, jua likichomoza hadi litakapotua.

Kisa ni ziwa lenyewe. Ziwa la Ishau si la maji, ni la magadi: gamba jeupe linalokwenda hadi upeo wa macho, juu limekauka, chini ni uji. Matrekta yalizama. Mashine zenye magurudumu mapana zilikaa msimu mmoja, beringi zikaliwa. Ndipo wenye akili wakagundua kwamba mguu wa mtu hauzami, na ukichubuka unajitengeneza wenyewe, bure. Wakawapanga watu mstari, kila mmoja na reki yake ndefu ya kulivunja na kulipindua gamba likauke, wakawafunga mikanda. Na watu wakaipenda mikanda hiyo! Hilo lazima lisemwe. Chama kilipopinga, waliotupiga mawe hawakuwa mabosi. Walikuwa jirani zetu, kwa sababu kwa mara ya kwanza mtu wa Ishau alirudi jioni akiwa amelala usingizi wake wote.

Kichwa kikishaacha miguu na kwenda zake, tulisema mtu ameondoka. Na mtu aliyeondoka ana mwiko wake, ambao hata watoto wa Ishau waliujua kabla ya kujua kuvaa viatu: haitwi jina. Ukimwita, kichwa kinarudi kwa pupa, kinagombania miguu na mkanda, mtu anajikwaa. Na kujikwaa juu ya magadi ni kuunguzwa macho. Kwa hiyo mstari ulitembea kimya, na aliyepiga kelele alionekana hana malezi.

Tabea Mkumbo, wajina wa Tabea Sungi, alifia humo, katikati ya mstari huo wenye malezi mema.

*

Dakta Tluway alifika kupima mahali mkanda ulipokaa. Alikuwa daktari wa upande wa wafanyakazi, mtu mpole, shati lake limefungwa kifungo cha mwisho hata kwenye joto lile. Wakili alipotoka kwenda kupokea simu, Tabea alisema, "Daktari, barazani wataniuliza. Hebu nieleze kinachotembea hapa ni nini hasa. Mimi shule yangu ni magazeti ya kufungia vitumbua."

"Umewahi kuona kuku aliyechinjwa akamponyoka mchinjaji?"

"Nani hajaona? Anakimbia mpaka kwa jirani."

"Kichwa kimebaki mkononi. Sasa nani anamkimbiza?" Daktari alizima mkanda, miguu ya Tabea ikapunguza mwendo, ikasimama. Alimgusa mgongoni, juu kidogo ya kiuno. "Hapa, ndani ya uti, kuna mafungu ya neva. Fikiria wanawake wawili na kinu kimoja. Huyu akishusha mchi, yule ameuinua. Hawahesabiani, hawatazamani. Anayeshusha ndiye anayemzuia mwenzake. Akilegea kidogo tu, mwenzake anapata nafasi, na yeye anazuiwa. Fungu moja linakunja mguu, jingine linaunyoosha. Upande wa kulia kuna kinu, upande wa kushoto kinu, na kati yao kuna mawasiliano ili miguu yote miwili isiinuke kwa pamoja."

"Ubongo je?"

"Ubongo haushiki mchi. Wakati wa kutembea tu, kazi yake kubwa ni kusema: haya, twangeni. Mkanda umeiba neno hilo. Unawaambia twangeni badala ya kichwa. Mengine yote yanatoka chini huko. Unyayo unatoa taarifa: nimebeba uzito, usiniinue bado. Nyonga inasema: nimevutika nyuma vya kutosha, niinue sasa."

"Na kukiwa na kitu njiani?"

"Mguu ukiwa hewani, sehemu ya juu ya unyayo ikigusa kitu, uti wenyewe unaukunja zaidi. Unakivuka. Haujui ni kitu gani."

"Gogo au mtu."

"Gogo au mtu," daktari akasema, kisha akatambua alichokisema, akatazama pembeni.

Tabea aliliweka hindi juu ya gunia. Hamu ya kula ilikwisha. Alikuwa mwenyekiti wa chama, na alikuwa amezungumza mikutanoni tangu hajaolewa. Alikuwa mtu wa kuuliza swali na kulifuata mpaka shimoni. Lakini hili alilizungushia mdomoni kwanza kama punje yenye kokoto.

"Na mtu akitaka kusimama?"

Daktari alivua miwani. "Wakili hakuniuliza swali hilo. Nami nimemshukuru kwa kutoniuliza."

"Mimi nauliza."

"Kampuni ina mtaalamu wake. Atasema mkanda hauwezi kumtembeza mtu asiyetaka. Sisi tutamwita mwongo."

"Ni mwongo?"

"Mkanda ni mnong'ono, Tabea. Kichwa kikisema hapana kwa dhati, kinu kinatulia. Nimejifunga mwenyewe, nimejaribu. Ni vigumu, kama kuzuia chafya. Lakini inazuilika."

"Kwa hiyo kampuni inasema kweli."

"Kwa mara ya kwanza tangu izaliwe."

Nje wakili alikuwa anacheka na simu yake. Tabea alisikia uso wake unapata joto kuanzia shingoni, kama mtoto aliyekutwa na kidole kwenye sukari. Ukweli, ambao alikuwa ameutumikia maisha yake yote, umekwenda kukaa kwenye veranda ya mwizi, umekunja nne, unanywa chai.

"Tukishinda?" aliuliza.

"Mikanda inapigwa marufuku. Si hapa tu. Mashamba ya chai, migodini, bandarini. Baraza likishatamka kwamba mtu wa mkanda hana hiari, hakuna kampuni itakayothubutu. Wanangu hawataivaa." Alirudisha miwani. "Tukishindwa, wataivaa. Ndiyo maana mimi nikiulizwa, nitaeleza habari za kuku na kinu, kisha nitakaa."

*

Ayubu alimkuta nyuma ya ghala, kwenye kivuli chembamba cha ukuta, akiwa na vikombe viwili vya chai ya tangawizi.

"Mwenyekiti, umekunja uso kama umekula limao la mkopo."

"Ayubu, siku ile. Ulisikia?"

"Sikuwepo."

"Ayubu."

"Nilikuwa nasikiliza mpira. Nilikuwa nimeondoka. Wote tulikuwa tumeondoka. Si tulikaa kikao tukakubaliana?" Alikunywa chai, ikamuunguza, akajitia haikumuunguza. "Wewe ndiye uliyetupanga. Ulisema tuseme kwa sauti moja."

Ni kweli alisema hivyo. Na siku ya kikao hicho hakuona aibu, aliona hasira, na hasira ni blanketi zuri.

Jua siku ile lilikuwa la kuchoma ulimi. Wajina wake alikuwa mbele ya mstari, hatua chache mbele ya wengine, akaishiwa maji mwilini, misuli ikamkaza, akakaa kitako juu ya gamba kama mtu anayepumzika. Mstari ukamfikia. Akaanza kuita. Hakupiga kelele za kuomba msaada hivi hivi, za watu wote. Aliita mmoja mmoja. Alimwita Ayubu kwa jina alilomwita kila siku, shemeji, kwa sababu ya utani wao wa tangu zamani. Alimwita mzee Nkungu, baba. Alimwita kila aliyepita. Na miguu ya kila mmoja, ikimgusa goti au reki yake, iliinuka kidogo, ikamvuka kwa ustadi, ikashuka upande wa pili. Hakuna aliyemkanyaga. Hakuna hata aliyemchafulia nguo.

Kisha Tabea akafika. Masikioni alikuwa na mchezo wa redio, sehemu ambayo yule mume mlevi anakaribia kugundulika. Akasikia, "Wajina! Wajina, maji!"

Ishau nzima hapakuwa na mtu mwingine aliyemwita hivyo. Neno lile lilikuwa lake peke yake kama mswaki.

Akawaza: amekosa adabu leo, anamwita mtu wa mkanda. Akawaza: atasimama mwenyewe. Akawaza, na hili ndilo lililomkata kila alipolikumbuka, ngoja nimsikie huyu mlevi. Goti likainuka. Likashuka. Mstari ulipogeuka mwisho wa gamba na kurudi, wajina wake alikuwa haiti tena.

"Alikuita shemeji," Tabea akasema.

Ayubu alimwaga chai yote chini. "Mtu wa mkanda haitwi jina! Yeye mwenyewe alijua. Wa kwanza kuvunja mwiko ni yeye." Sauti yake ilibaki hewani, na wote wawili wakaisikia. Akainama, akaanza kuokota kikombe ambacho hakikuwa kimeanguka, kimo mkononi mwake bado.

"Usiende kuharibu," alisema akiwa ameinama hivyo hivyo. "Nakuomba, dada. Mimi nina wanangu. Nitawaangaliaje?"

*

Mama Tabea, mzazi wa marehemu, alikuja na basi la asubuhi kutoka Iramba, akakaa kwenye benchi nje ya ukumbi, kikapu miguuni, kanga ameifunga mpaka kidevuni. Wanachama walipita kumpa pole kwa haraka, kwa ncha za vidole, kama watu wanaogusa pasi kuona kama ina moto. Yeye alipokea pole zote. Tabea alipotokea, alimsogezea nafasi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, wajina wa mwanangu. Umekonda."

"Ni shughuli za kesi."

"Eh. Nasikia mna kesi kubwa. Nasikia mikanda itaondoka nchi nzima." Alikuwa anautazama mkanda uliofungwa juu ya gauni la Tabea, tayari kwa maonyesho. "Mimi sikuja kwa ajili ya kesi. Kesi ni zenu wenye chama. Nimekuja na swali, nalo si la baraza."

"Uliza, mama."

"Mwanangu alikuwa mtu wa kuita. Unamjua. Akiona nyoka anaita, akiona mvua anaita, akipata mia ya mtihani anaanza kuniita tangu mtoni. Nilimchapa kwa kelele hizo. Sasa watu wa Ishau wananiambia alikufa kimya." Alinyoosha upindo wa kanga juu ya goti. "Nikikaa nyumbani nashindwa kulala, nawaza, labda zile fimbo zangu ndizo zilizomfunga mdomo. Alipokuwa anakufa, hakuita?"

Kuna uongo ambao mtu anauandaa kwa adui, anaunoa, anaupaka mafuta. Halafu anashtukia anautumia kumkatia mama wa watu.

"Hatukuwepo, mama," Tabea akasema. "Tulikuwa tumeondoka."

"Sijauliza mlikuwa wapi, mwanangu."

Mlangoni, karani wa baraza alianza kuita mashahidi. Tabea aliinuka, na akashukuru kuinuka, na kushukuru huko kukamtia aibu nyingine juu ya ile ya kwanza. Nyuma yake mama alisema polepole, kama anajisemea, "Basi sawa. Nitaingia nami niangalie mnavyoondoka."

*

Ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Mwenyekiti wa baraza alikuwa mwanamama mwenye sauti ya kuchoka. Mtaalamu wa kampuni alikuwa ameshasema: kijana, suti nyepesi, mpole wa kuudhi. Mkanda unaalika, alisema, haulazimishi. Watu walimzomea. Tabea naye alimzomea, kwa mazoea, ingawa alijua anasema kweli.

Dakta Tluway alieleza kuku, akaeleza kinu, akakaa. Hakumtazama mtu.

"Waheshimiwa," Wakili Bura akasema, "maneno yametosha. Naomba baraza lione kwa macho."

Tabea alisimama mwisho wa ukumbi, hindi mkononi. Kati yake na meza kuu palikuwa na njia wazi katikati ya mabenchi. Ayubu alijipanga karibu na meza tayari kumdaka. Wakili akaminya kitufe.

Mngurumo. Kisha lile jambo ambalo hata baada ya miaka lilikuwa tamu, na ubaya wake ulikuwa humo kwenye utamu: mapaja yanapata wepesi, mzigo wa kujibeba unaondoka, goti linainuka kama la mtu mwingine mwenye afya kuliko wewe. Akang'ata hindi. Miguu ikaenda.

"Bi Tabea Sungi," wakili akapaza sauti, "simama!"

Hakusimama. Watu wakaguna.

"Nasema simama!"

Meza ilikuwa inakaribia. Alijua anachotakiwa kufanya, na kilikuwa ni kutofanya kitu. Kazi rahisi kuliko zote. Alikuwa ameshaifanya mara moja.

Ndipo Mama Tabea akatoka kwenye benchi.

Alitandika kanga yake sakafuni katikati ya njia, akaketi juu yake, miguu ameinyoosha mbele kama mwanamke anayechambua mchele. Alikaa vile vile ambavyo mtu angekaa juu ya gamba la magadi akiwa amekazwa na misuli. Hakuna aliyemwambia namna hiyo. Alikaa tu kama mtu mzima mwenye magoti mabovu anavyokaa.

"Mama, tafadhali ondoka hapo," mwenyekiti akasema.

Mama hakugeuka.

Wakili Bura alimtazama mama, akamtazama Tabea, na macho yake yakawaka. Bahati kubwa kuliko hii asingeiomba. Alijongea kando yake, akatembea naye sambamba, akanong'ona bila kufungua midomo: "Mvuke. Mvuke, dada. Tumeshinda. Mvuke tu."

Na angemvuka. Miguu ilijua. Unyayo ungeugusa mguu wa mama, goti lingekunjika, kisigino kingeshuka upande wa pili bila kuchafua kanga. Kisha mikanda ingeondoka nchi nzima, na wangeokoka wana wa Tluway, na wana wa Ayubu, na wachuma chai ambao hatawaona maishani. Alivihesabu moyoni vyote hivyo kwa harakaharaka, na vyote vilikuwa vya kweli, na vyote vilikuwa upande wa pili wa mama huyu.

Mama aliinua uso. Hakuita. Alikuwa amelelewa Iramba lakini alishaambiwa mwiko wa Ishau, kwamba mtu wa mkanda haitwi jina, na alikuwa mtu wa heshima. Alimtazama tu, mdomo umefungwa.

Tabea alisema hapana.

Hakulisema kwa mdomo. Mdomo ulikuwa na punje za mahindi. Alilisema huko ndani, na lilikuwa vigumu kama daktari alivyosema, lilimkwaruza kuanzia kisogoni hadi kiunoni. Mguu wa kulia ulibaki hewani. Ukatetemeka. Ukashuka pale pale ulipoinukia, mbele ya kanga.

Mkanda uliendelea kunguruma.

Wakili wa kampuni alifunga faili lake bila kulipiga, kwa upole, kama anafunga mlango wa chumba cha mgonjwa. Hilo lilimuuma Tabea kuliko kama angecheka. Halafu kelele zikaanza. "Msaliti!" mtu alipiga yowe. "Wamemnunua!" Sauti ya pili ilikuwa ya Ayubu, ila katikati ya neno ilimkatika.

"Aliita," Tabea akasema.

"Bi Tabea, wewe ni shahidi, subiri uulizwe," mwenyekiti akasema.

"Nimeshaulizwa." Alitema mahindi kiganjani, hakuwa na pa kuyaweka, akabaki ameyashika. "Aliita, mama. Aliita mpaka sauti ikamkauka. Fimbo zako hazikumfunga kitu. Alituita kila mmoja. Tulimsikia."

"Wewe alikuitaje?"

"Aliniita wajina. Alisema, wajina, maji."

Mama alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayepokea mzigo na kutafuta mahali pa kuushika. "Ndiyo sauti yake," alisema. "Ndivyo alivyokuwa." Machozi yalimtoka bila uso kubadilika. Kisha akageuka, palepale sakafuni, akawatazama watu wa mstari waliokaa benchi la mbele na nguo zao za kanisani.

"Na wewe, baba? Wewe alikuitaje?"

Mzee Nkungu aliyafuta magoti ya suruali yake, akayafuta tena. "Aliniita baba," alisema.

"Na wewe kijana?"

Ayubu alikuwa bado amesimama karibu na meza, mikono ameitanguliza mbele, tayari kumdaka mtu ambaye hatafika. Hakuishusha. Alikuwa analia kwa mdomo wazi, kama watoto wanavyolia.

Mwenyekiti wa baraza aligonga meza, akataka utulivu, akamuuliza shahidi kama anaelewa kwamba kwa ushahidi huu hoja ya chama chake imeanguka.

"Naelewa," Tabea akasema. "Andikeni kwamba mkanda haukunizuia kusimama. Mkanda ulinipa tu sababu ya kutosimama, na mimi nikaipokea kwa mikono miwili. Kampuni yenye kutengeneza sababu za namna hiyo na kuwagawia watu maskini asubuhi kwa asubuhi, mtaipa hukumu gani, hiyo ni kazi yenu. Yangu nimeshajipa."

Mapaja yake yalikuwa yanatetemeka. Kinu hakikuwa kimetulia kabisa. Huko chini wanawake wawili waliendelea kutwanga hewa, wanasubiri neno. Wakili Bura alikuwa ameshikilia kile kitufe na amesahau kukizima, au hakutaka kukizima.

Tabea aliinama ili aufungue mwenyewe. Kifungo cha mkanda kilikuwa mbele, chini ya kitovu, cha kubonyeza kwa kidole kimoja. Kilikuwa hapo siku zote, mahali ambapo mkono wa kila mtu unafika.